Upande wa Uzi wa Buluu

Tarehe 4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na cherehani, bado inakupigia kelele kuliko wateja? Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyakabidhi kwa ile mashine zamani, na kila nikipiga naishia kuzungumza na dada huku wewe ukiuliza pembeni, "Nani huyo? Anataka nini?" Kwa hiyo naandika. Mimi ni mzima. Kazi ya maabara inaendelea. Watu bado wana damu na sisi bado tunaipima.

Hii ni wiki ya sita tangu tuandikishe ndoa kwa msajili. Sikuandikii kukulaumu. Kiti chako tulikiacha wazi mpaka mwisho. Msajili alipouliza tunamsubiri nani, mume wangu akajibu, "Mkwe wangu yuko njiani." Hukuwa njiani, naye alijua. Alisema hivyo ili nisiaibike mbele ya watu. Wewe ulimwita Mwokaji kwa dharau, baba, ukasema mikono yake ni laini kama ya mtoto mchanga. Nami sasa namwita Mwokaji, kwa mapenzi, na yeye jina amelipenda maana ndiyo kazi yake.

Mwisho wa mwezi tumepata likizo, wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tunataka kupita barabara ya milimani kwa lile gari la zamani la kusambazia mikate, tupige kambi kila tunapochoka. Ni mara yetu ya kwanza. Fikiria, mimi mtoto wa fundi mahema, nimekua nikichezea chini ya meza yako katikati ya vipande vya turubai, na sijawahi kulala ndani ya hema hata siku moja. Wenzangu kazini wamenicheka mpaka wakafuta machozi.

Sikuombi kitu, baba. Nataka radhi yako kabla sijaondoka. Hata mstari mmoja unatosha.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Mama,

Marahaba, binti yangu. Magoti yapo, yanauma, lakini yananibeba. Dada yako hajambo, mguu wake umepata nafuu, sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Natumaini nawe u mzima na unakula, si kushinda na chai tu kama ulivyozoea.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua. Basi pamoja na barua hii utapokea mzigo. Usiufungue kwa kisu, utakata turubai! Ni hema. Nimelikata na kulishona mwenyewe kwa siku tisa, kazi za wateja nimeziweka kando mpaka mwenye lori mmoja akaja kunifokea dukani. Nikamwambia lori lake lina subira kuliko yeye. Ni la watu wawili, si kubwa, lakini utasimama ndani bila kuinamisha kichwa. Vigingi ni kumi na viwili, kamba nimeziacha ndefu kwa sababu ya upepo wa huko juu.

Sasa nisikilize. Upande wa kulia nimeshona kwa uzi wa buluu, wa kushoto kwa uzi mweupe. Wewe lala upande wa uzi wa buluu. Mlango uko karibu na huko, na wewe tangu mtoto unaamka amka. Msibadilishane. Nimelipima kwa kimo chako upande huo.

Usidhani kwamba nimesahau yaliyompata dada yako. Alipougua mguu, yule bwana wake alihama kitanda, kisha akahama chumba, kisha akahama nyumba. Na siku ya harusi alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, ananiita mzee wangu, mzee wangu. Nilikula naye sahani moja na sikumjua. Ndiyo maana kwa huyu wako nilikaza roho. Lakini hema nimeshona. Nenda nalo.

Baba yako


Tarehe 29 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena! Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari la mikate, karatasi ikiwa juu ya sufuria iliyopinduliwa, kwa hiyo usicheke mwandiko. Leo ni siku ya tatu. Mimi ni mzima kabisa. Natumaini nawe huko uko salama na dada ananywa dawa.

Mzigo ulipofika nililia, nikuambie ukweli. Sikulilia hema, nilililia hizo siku tisa. Mwokaji alilikunjua sebuleni, akalipapasa kwa ile mikono yake unayoisema, akasema, "Mzee amenikubali." Nikamwambia, "Hajaandika hivyo." Akasema, "Kaandika kwa sindano." Njia nzima amekuwa akiimba.

Barabara ni ya kona tupu. Gari likipanda linanung'unika, likishuka breki zinanuka moto, na harufu ya mikate ya zamani haijawahi kutoka, basi kila tukisimama tunasikia njaa. Siku ya kwanza tulipiga kambi kwenye uwazi kati ya misonobari. Mwokaji alipigilia vigingi kichwa chini, mlinzi wa kambi akaja kutufundisha huku akijizuia kucheka. Niliona aibu kwa niaba yako. Siku ya pili tulilala karibu na mto, na hii ya tatu tuko juu kabisa, kwenye majani mafupi, mawingu yanapita chini yetu.

Mvua imenyesha kila siku kuanzia jioni. Lakini ndani, baba, ni raha! Upande wangu hauingii hata unyevu. Siku ya kwanza nilimwonyesha Mwokaji kile kinyota chako cha uzi mwekundu, kile unachokitia mwishoni mwa kila mshono ulioupaka nta na kuukagua kwa maji. Nikamwambia, "Ukikiona hiki, lala usingizi. Baba hajawahi kukitia kwenye mshono unaovuja, hata kwa kuombwa." Naye akageuka akakitafuta upande wake, akapapasa mpaka mwisho, akasema amekiona.

Jana tulipokuwa tunatandika aliniambia kwa utani, "Mke wangu, leo tubadilishane, na mimi nionje huo upande wa mtoto wa fundi." Nikamwambia, "Thubutu! Nina amri kutoka juu." Akacheka.

Anakohoa kidogo, anasema ni hewa nyembamba. Asubuhi nikiamka nakuta ameshatoka, blanketi lake ameshalianika juu ya boneti, chai iko tayari. Anasema waokaji hawajui kulala. Nimepata mume wa kuniandalia chai, wewe je, umewahi kumwandalia mama? Natania.

Barua hii nitaiacha kwenye duka la chini tukipita kesho, na kesho kutwa tutakuwa nyumbani.

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Salamu zangu zikukute salama. Sisi hapa tunapumua. Cherehani iliharibika siku mbili, kwa mara ya kwanza nikasikia ndege wa jirani, sikuwapenda.

Barua yako ya milimani ilifika. Kama ulivyosema, mlikuwa mrudi tarehe 31 Machi. Leo ni tarehe 9 na sijapata neno. Naelewa mtu akirudi likizo anakuta kazi imemsubiri mlangoni. Lakini andika.

Umesema mvua ilinyesha kila siku. Ilikuwa kubwa? Na mwenzako alisemaje kuhusu hema? Hakulalamika hata kidogo? Simaanishi kitu, nauliza kama fundi. Fundi hupenda kujua.

Baba yako


Tarehe 12 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya.

Mwokaji amelazwa. Tuliporudi alikuwa na homa, akasema ni uchovu. Siku ya pili alisimama mbele ya tanuri akaanguka. Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari anasema kifua cha mtu aliyevuta vumbi la unga kwa miaka kumi na miwili hakihimili baridi ya namna ile, akaniuliza amelowa wapi. Nikasema hakulowa. Tulikuwa na hema zuri sana, nikamwambia, baba yangu ndiye aliyelishona.

Niko hospitali kuanzia nikitoka kazini mpaka wanapotufukuza. Damu yake tunaipima sisi wenyewe, kwenye meza yangu. Wenzangu wananizuia nisiiguse, naigusa.

Tuombee.

Mwanao


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Pole. Pole sana, na mwambie mwenzako pole. Barua yako imenikuta mezani na sikushona tena siku hiyo.

Mpe supu ya moto, mfunike kifua. Wanaume wa kazi za joto ndivyo walivyo, wakiguswa na baridi wanaumwa. Usijilaumu. Huenda alilowa alipokuwa anapika hiyo chai asubuhi.

Jambo jingine dogo. Hilo hema usilifungue. Nirudishie kama lilivyo, likiwa limekunjwa hivyo hivyo, nimepata mtu anayetaka mfano wake. Lipeleke stendi ya mabasi haraka, hata kesho. Usihangaike kulisafisha.

Dada yako anasalimia.

Baba yako


Tarehe 25 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mgonjwa alitolewa kwenye mashine ya hewa juzi. Anakaa kitandani, anakula. Daktari amemkataza kukaribia unga kwa miezi sita.

Uliniambia nisifungue hema. Baba, tangu lini wewe ukataka turubai likae limekunjwa likiwa bichi? Ulimfukuza kazi mtu kwa kosa hilo, nilikuwa darasa la nne, nakumbuka alivyolia. Kwa hiyo nikalifungua. Nililitandaza juu ya kamba za kuanikia nguo darini, juu ya ghorofa letu, nusu ya nguo za jirani nikazishusha.

Nilipitisha kidole gumba kwenye mshono wa buluu, kama ulivyonifundisha. Unateleza, nta imeingia mpaka ndani, na mwisho kuna kinyota. Nikahamia upande wa pili. Uzi mweupe ni mkavu kama ganda la mkate. Hakuna nta. Si kwamba imechakaa, haijawahi kupakwa. Nikatafuta kinyota mpaka mwisho, nikarudi mwanzo nikatafuta tena. Hakipo. Nikachota maji kwa kikombe nikamimina juu. Baba, yalipita kana kwamba hakuna kitu.

Siku nne. Alilala chini ya mshono ule siku nne.

Nina swali moja tu, na usinijibu kwa habari za magoti. Ulisahau?

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mama,

Natumaini mgonjwa anaendelea vizuri, na nawe umepata usingizi. Nimefurahi sana kusikia anakula.

Sikusahau. Umri wangu wote sijasahau mshono, wala sitaanza kwa mtoto wangu. Niliuacha.

Usikunje barua, soma mpaka mwisho. Nilitaka kumjua. Mtu anacheka akiwa mkavu, ameshiba, jua linawaka. Yule wa dada yako alicheka vizuri kuliko wote. Nikasema huyu wa mikono laini nitampa maji kidogo tu, nione. Nilijua atafanya moja kati ya haya. Atakufokea, atakutukania baba yako, au atakimbilia kwenye gari akuache peke yako kwenye baridi. Ungeona mwenyewe, mapema, kabla ya watoto. Sikujua habari ya kifua, naapa. Ningejua nisingefanya.

Lakini tazama alichofanya! Alilowa siku nne hakusema neno. Akaanika blanketi kabla hujaamka ili usione. Nilipoisoma ile barua yako ya milimani nilielewa kila kitu, nikamwita dada yako nikamwambia, "Huyu ni mwanaume." Nilifurahi kama mjinga, nikipiga meza. Amefaulu, mama. Nimemkubali, si kwa shingo upande, nimemkubali kwa moyo wote. Mwambie hivyo. Akipata nguvu nitakuja huko na shati langu jeupe, nitakaa kwenye kile kiti mlichoniachia, na nitamwomba radhi kwa ugonjwa wake mbele ya mtu yeyote atakayemchagua yeye.

Kinyota sikukitia kwa sababu nisingeweza. Mkono ulikataa.

Baba yako


Tarehe 20 Mei

Baba,

Natumaini mu wazima huko.

Barua yako nilimpelekea Mwokaji nyumbani, siku ya tatu tangu atoke hospitali. Nilikuwa na hasira na wewe, lakini pia, nakiri, nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilisema, basi, yamekwisha, baba amemkubali. Sisi kazini hatumpimi mtu bila kumwambia tunampima nini, nilipanga kukuandikia hivyo, nikutukane kidogo, halafu uje na shati lako jeupe.

Aliisoma taratibu. Akaikunja akanirudishia.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ulijuaje?"

"Si ulinionyesha kinyota chako? Nikatafuta changu."

"Mbona ulisema umekiona?"

"Ningesemaje? Ndiyo kwanza mzee kanipa kitu. Nikasema acha anipime. Nalowa siku nne, nikirudi nimekuwa mkwe."

Nikamwambia amefaulu. Nikamwambia unakuja. Alitazama dirishani kidogo, halafu akaniuliza, "Ile alfajiri ya mwisho kule juu, ulikuwa macho?"

Baba, kuna jambo sikukuandikia. Kulipokuwa kumeanza kupambazuka nilinyoosha mkono upande wake. Blanketi lilikuwa linachuruzika, na yeye chini yake anatetemeka kimya kimya, amejikaza. Niligusa vizuri, si kwa bahati mbaya. Nikaurudisha mkono wangu kwenye ukavu wangu, nikafumba macho. Alipotoka kwenda kuanika nilijifanya ndiyo kwanza naamka, nikanywa chai yake.

Nilimjibu kwamba nilikuwa usingizini. Hakubisha. Akasema tu, "Nilisikia mkono ukija. Nikawaza, sasa ataniambia njoo huku. Nikasubiri. Halafu ukarudi."

Kisha akasema, "Mzee alikuwa ananipima mimi. Majibu yaliyotoka ni yako."

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kila siku. Ni kwa sababu hema lile lilikuwa msamaha wako, na kama linavuja basi hujanisamehe vizuri. Nilisubiri wiki sita unitazame tena. Sikuwa tayari hema livuje. Kati ya mume wangu na jina lako nilichagua jina lako, na jina lenyewe ulikuwa hujaliweka pale. Hata angekufa ningekuwa nasema, hema la baba yangu halivuji. Nilimwambia daktari hivyo hivyo, unakumbuka? Nilimwambia huku najua.

Amehamia kwa kaka yake. Aliondoka Jumamosi mchana, hakubamiza mlango. Alikiosha kikombe chake akakifuta akakirudisha kabatini, kama mgeni. Nikamwuliza kama ni hasira. Akasema, "Hapana. Ni baridi tu, bado haijanitoka."

Usije. Shati likae kabatini.

Mwanao


Tarehe 1 Juni

Mama,

Nakusalimu sana. Nimesoma.

Mtu hawezi kuacha mke kwa sababu ya mkono. Huyo amepata kisingizio, mimi nakwambia. Angekuwa mtu kamili angesema "nimelowa", mambo yakaisha pale pale, kuna ubaya gani kusema? Mbona na yeye alikudanganya kuhusu kinyota? Mwambie baba yako kasema hivyo. Atarudi tu, wanaume wana mbwembwe wakiwa wagonjwa.

Niandikie.

Baba yako


Tarehe 27 Juni

Mama,

Uko salama? Sijapata jibu, labda barua imepotea. Ile niliyoandika mwanzo wa mwezi, kama imekufika, ichane. Niliiandika siku ileile nilipoisoma ya kwako, sikusubiri kichwa kipoe.

Nimemwandikia Mwokaji. Kurasa tatu, mimi ambaye hata risiti naona uvivu. Hajajibu, na sikumtegemea ajibu. Dada yako amesoma barua yako ya mwezi wa tano bila kuniomba. Tangu siku hiyo hasemi na mimi. Ananiwekea chakula anaondoka. Na masikio yangu haya ningeweza kujidanganya kwamba anasema ila mimi sisikii, lakini midomo yake naiona.

Nilipiga simu maabara kwenu. Nilimsikia mtu akisema "ngoja", halafu sikusikia tena kitu, sijui kama ni masikio yangu au ulikataa kushika. Niambie ni lipi kati ya hayo.

Baba yako


Tarehe 3 Agosti

Hema nimelirudisha. Mshono mweupe nimeupaka nta mara tatu kwa pasi ya moto, nimeujaribu kwa maji juu ya dari, hauvuji. Mwokaji amechukua vitu vyake vilivyobaki wiki iliyopita na tumetia sahihi ya kuachana kwa msajili yule yule. Unaweza kuliuza, ni la watu wawili.


Tarehe 19 Agosti

Mama,

Salamu. Sijui kama bado unataka kusikia habari za magoti, lakini sina njia nyingine ya kuanza barua, ndivyo tulivyozoea. Yanauma. Dada yako ameanza kusema nami kidogo, hasa kuhusu chumvi. Natumaini wewe ni mzima, unakula, na wenzako kazini wanakutazama vizuri.

Mzigo umefika. Sikuuza. Mwenye lori alinitajia bei nzuri, nikamwambia si la kuuza.

Juzi mawingu yalifunga tangu mchana. Nikalibeba mpaka uwanja wa nyuma ya karakana, nikalisimamisha mwenyewe, magoti haya haya, vigingi vyote kumi na viwili. Dada yako alinitazama dirishani, hakuja kunizuia wala kunisaidia. Mvua ilipoanza niliingia nikalala upande wa kushoto, chini ya uzi mweupe, bila godoro. Nilitaka kulowa. Nikasema nitalala humu mpaka nitetemeke kama yeye alivyotetemeka, halafu nitajua nilichofanya na nitakuandikia nikiwa nakijua.

Ilinyesha mpaka jioni, mvua ya haki. Halikupita hata tone. Nilipapasa mshono wote kwa kidole, nta imekaa sawasawa, hakuna mahali umeruka, hakuna mahali umezidisha. Mimi sijawahi kupaka mshono vizuri namna ile. Nilijilaza pale nikiwa mkavu kabisa, mzee mzima, na ndipo nililia.

Kisha nilitafuta kinyota. Nilidhani utakuwa umekitia, kwa kuwa umeukagua kwa maji mwenyewe, na ndiyo kanuni niliyokufundisha. Hakuna. Nikachukua kile kikaratasi kilichokuja na mzigo, nikakisoma tena. Barua zako zote tangu ujue kuandika zinaishia na "Mwanao". Hiki hakina. Nimekigeuza nyuma, nimetazama ndani ya bahasha, nimekung'uta na mfuko wa hema.

Nakuelewa. Fundi hatii alama kwenye kitu asichoweza kukithibitisha. Nami nimekaa na kalamu hapa tangu asubuhi sijui kama nina haki ya kuandika neno linalofuata, lakini sina jingine la kuandika mahali hapa.

Baba yako